Uchi Kavaa Koti

Jumatatu, 3 Machi

Uchi kavaa!

Niandike sasa hivi, maana nikitulia nitaanza kujitilia shaka.

Mchana nilikuwa chumba cha darubini ya elektroni. Fundi wa darubini, mama mmoja mwenye sauti nzito anayewaita hata maprofesa "mwanangu", aliweka sampuli yangu, akazima taa, akasogeza picha, akasogeza tena. Halafu akauliza: huyu si ndiye uliyesema hana kitu mwilini? Nikainama kwenye skrini. Vigae! Vigae tele, safu kwa safu, kama sakafu ya bafu jipya.

Bakteria huyu ndiye anayeua samaki wa mabwawani. Mwili wake mzima umefunikwa tabaka la protini. Molekuli zinajipanga zenyewe, zinashikana, pembe sita sita, hakuna upenyo. Maabarani tunaliita koti. Damu ya samaki haiwezi kummaliza akiwa nalo. Na jeni moja ndiyo inayotengeneza protini ya koti hilo. Moja tu! Ndivyo tulivyofundishwa.

Mwaka jana nilimkata jeni hiyo. Akabaki mtupu, laini kama yai lililomenywa. Nikambandika jina Uchi. Mwezi uliopita nikaanza kumlea ndani ya damu ya samaki, nione anakufa upesi kiasi gani. Wengi walikufa. Wachache wakagoma. Na leo nimewaona hao waliogoma: wamevaa! Tena si pembe sita. Miraba. Koti jingine kabisa!

Bwana Hakika hatapenda. Ni profesa wangu, msimamizi wangu. Jina hilo tumempa wanafunzi kwa sababu hafungui mdomo bila "hakika". Miaka yote kasema bakteria huyu ana koti moja, jeni moja, basi. Chanjo yake imesimama hapo: mfundishe samaki kulitambua hilo koti, kazi imekwisha.

Na hiyo chanjo sasa hivi inajaribiwa kwenye mabwawa ya dada yangu.


Jumatano, 5 Machi

"Umechafua sampuli."

Bwana Hakika hakukaa hata kitako. Aliitazama picha kama mtu anayetazama kiatu cha mwenzake kilichokanyaga kinyesi. Akasema hakika kuna bakteria mwingine kaingia kwenye chupa yangu, kila mwanafunzi humtokea, nisione haya, nitupe nianze upya.

Nikamwambia nimechunguza mara mbili.

"Basi umechafua mara mbili."

Nikacheka. Sijui kwa nini nilicheka! Hakupenda. Akanikumbusha kwamba tasnifu yangu ina kichwa cha habari tayari, na kichwa hicho kina neno "moja".

Nimetoka pale masikio yanawaka moto. Haya. Anataka usafi? Atapata usafi. Nimeosha meza kwa spiriti mpaka macho yakatoa machozi. Nimechukua Uchi wa asili kutoka kwenye friza, nikamtandaza kwenye sahani, nikachagua doa moja dogo lililokaa peke yake — ukoo wa seli moja tu. Kutoka hapo naanza tena. Chupa mpya. Damu mpya. Glavu mpya kila ninapopumua, karibu.

Akija kusema nimechafua tena, aniambie nimechafua na nini.


Jumapili, 9 Machi

Nimeshinda kwa dada.

Mabwawa yake yako nyuma ya nyumba, yamepangana, maji ya kijani, mabomba, nyavu za kuzuia ndege. Dada ndiye mwakilishi wa wafugaji samaki wote wa bonde. Akisema jambo, wanafuata. Chanjo hii aliisemea yeye. Alikwenda nyumba kwa nyumba, aliwashika watu mkono. Wengine walikubali shingo upande kuipokea ikipitishwa, kwa heshima yake tu.

Nilimkuta amesimama ukingoni na mabuti, ndoo mkononi, uso umemvimba kwa hasira za mapema.

"Usianze," akaniambia, na mimi sijasema hata hujambo.

Ndani ya ndoo: samaki. Vidonda vyekundu ubavuni, mapezi yamelika. Nikauliza kama ni wa lile bwawa lililoachwa bila chanjo kwa kulinganisha. Shemeji, mume wake, akakohoa, akasema mtu wa profesa alipita akawaambia ni joto la maji, litapita.

"Ni wa lililochanjwa?" nikauliza tena.

"Ni wangu!" dada akafoka. "Samaki ni wangu, si darasa lako."

Nikamweleza habari za koti la pili. Nilikosea kueleza mbele ya shemeji. Dada aliweka ndoo chini taratibu, na mimi namjua, akifanya taratibu ndiyo hatari.

"Kwa hiyo unaniambia nimewadanganya watu."

"Sijasema hivyo."

"Nimekwenda kwa wajane mimi! Kwa wazee! Nimewaambia mdogo wangu yuko pale pale maabarani, angejua kama ni uongo. Jina lako ndilo nililowauzia, si la profesa."

Nikaokota samaki wawili, nikawafunga kwenye mfuko, nikaweka barafu. Hakunizuia. Hakuniaga pia. Shemeji ndiye aliyenisindikiza mpaka barabarani, akanong'ona: ni wa lililochanjwa; mwache apoe, we fanya kazi yako.

Nafanya.


Ijumaa, 14 Machi

NI YEYE!

Bakteria wa kwenye vidonda vya samaki wa dada — waliochanjwa! — wamevaa miraba. Miraba ile ile ya Uchi. Na Uchi mpya, yule wa doa moja, wa meza iliyooshwa mpaka ikang'aa, naye kavaa miraba. Fundi wa darubini alijipiga kofi pajani. "Mwanangu, huyu kakusubiri."

Na si picha tu. Kwenye jeli tunayotenganishia protini, mstari wa protini ya zamani haupo, na mahali ambapo hapakuwa na kitu pana mstari mwingine, mnene, mzito kidogo. Majibu ya usomaji wa DNA yamefika leo asubuhi. Jeni ya pili ipo. Ilikuwepo siku zote! Imekaa mbali na ya kwanza, imezimwa, haisemi kitu. Mbele yake kuna kipande kifupi cha DNA kinachoweza kugeuka, kama swichi. Kwa kawaida kimeangalia upande usiofaa. Kwa bakteria mmoja kati ya wengi sana kinageuka chenyewe, bila kuagizwa. Huyo mmoja anavaa koti jingine. Maisha yakiwa ya raha, hana faida yoyote, ni mmoja tu katika umati. Lakini damu ya samaki aliyechanjwa inawaua wote wa pembe sita — na nani anabaki? Yeye. Anazaa. Bwawa linakuwa lake.

Kwa hiyo chanjo haishindwi kwa bahati mbaya. Inamsafishia njia.

Nilikaa kwenye ngazi za nyuma, kule wanakotupia maboksi, nikala mkate mkavu, nikacheka peke yangu. Mfagizi wa jengo alipita akaniuliza kama nimefiwa au nimeposwa. Nikamwambia vyote viwili.


Jumamosi, 22 Machi

Sijaandika. Wiki mbaya.

Nilimpelekea Hakika kila kitu. Safari hii alikaa. Alisoma kurasa zote, polepole, kidole kikifuata mistari. Nilimwona akirudi kwenye ule ukurasa wa swichi. Mara mbili! Nikadhani: haya, sasa mwanasayansi ataamka.

Akaweka karatasi chini, akazinyoosha kingo zikae sawasawa.

"Hakika umefanya kazi kubwa. Lakini swali lako silo hili."

"Ndilo swali lililojibiwa, Profesa."

"Kamati ya chanjo inakaa mwezi ujao. Itaamua kuipeleka mabwawa yote ya bonde. Unajua nimeingojea siku hiyo tangu lini? Wewe ulikuwa bado unajifunza kuandika jina lako."

Nikasema kwa heshima — nilijitahidi, Mungu anajua — kwamba ikienda mabwawa yote, miraba nayo itakwenda mabwawa yote.

Akasimama. Akasema kuanzia Jumatatu nisiguse tena bakteria huyo. Niandike tasnifu kama tulivyokubaliana. Jambo la jeni ya pili yeye mwenyewe atalitazama "wakati wake ukifika". Kadi yangu ya chumba cha sampuli niiache kwa katibu muhtasi.

Mtu huyu ndiye aliyenifundisha kushika sindano ya kioo bila mkono kutetemeka. Alikaa nami saa nzima siku nilipokata jeni ya kwanza, akanishangilia kama mtoto. Ndiyo maana inauma. Angekuwa mjinga nisingejali.

Nimempigia mama. Nilitaka anibembeleze. Badala yake kaniuliza: je, uliyoyaona umeyaona? Nikamwambia ndiyo, mama, nimeyaona. "Basi unalilia nini? Wewe ulizaliwa umekunja ngumi, mkunga alishindwa kuikunjua. Leo ndiyo unataka kuikunjua?" Akakata simu, kipindi chake cha redio kilikuwa kinaanza.

Kadi nimeiacha kwa katibu muhtasi. Sampuli sikuziacha. Zile za samaki wa dada si mali ya maabara, nilizichota mimi, kwa ruhusa ya mwenye samaki. Au kwa kutokukataa kwake.


Jumanne, 25 Machi

Nimepata meza!

Daktari wa Minyoo, yule mwanamke wa ghorofa ya chini anayechunguza minyoo ya mifugo. Nilimweleza mlangoni, nimesimama, nikitegemea anifukuze. Akanisikiliza huku anafuta miwani. Halafu: kona ile pale haitumiki, friza lina nafasi, na mimi sijui habari za bakteria kwa hiyo usiniombe ushauri. Kitu kimoja tu, akasema: ukifanya, fanya jambo litakalomnyima mtu pa kupitia.

Najua jambo gani. Nikate jeni zote mbili. Kama niko sahihi, huyo atabaki mtupu na hatavaa tena, hata umlee katika damu mpaka mwisho wa dunia. Kama nimekosea, atavaa la tatu na mimi nitakwenda kuomba msamaha.

Nimeanza leo.


Jumanne, 8 Aprili

Mtupu!

Mtupu kabisa. Fundi wa darubini katafuta kila kona ya sampuli: hakuna kigae hata kimoja. Na ndani ya damu ya samaki wamekufa wote. Wote! Sahani nyeupe, safi, hakuna doa. Nimewapa damu tena, joto tena, chupa zaidi. Hakuna aliyegoma.

Halafu nikamrudishia jeni ya pili peke yake. Kavaa miraba, akaishi.

Kwisha maneno.

Daktari wa Minyoo aliitazama sahani tupu, akasema sijawahi kuona mtu akifurahia kukosa kitu namna hii.


Alhamisi, 10 Aprili

Dada kapiga simu. Tangu siku ile ya ndoo hatujaongea.

Hakusalimu. Alisema: njoo.

Nimekwenda. Bwawa lililochanjwa limekwisha. Samaki wameelea matumbo juu kutoka ukingo hadi ukingo, na shemeji na mtu mwingine wanawachota kwa nyavu, kimya, wamefunga vitambaa puani. Harufu imeingia kwenye nguo zangu, mpaka sasa ninayo. Bwawa lisilochanjwa lina wagonjwa pia, lakini bado maji yanachezacheza.

Dada alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Nikakaa chini, kwenye udongo, ubavuni mwake. Nilijiandaa kwa lawama. Nilizistahili au sikuzistahili, nilikuwa tayari kuzibeba.

"Nieleze tena," akasema. "Ile habari ya makoti. Taratibu. Usinifanye mwanafunzi wako, nieleze kama mtu."

Nikamweleza. Nilichora kwenye udongo kwa kijiti: huyu wa pembe sita, huyu wa miraba, hii chanjo inamjua nani, haimjui nani. Aliuliza maswali. Maswali makali! Kama kuna wa tatu? Nikasema kwa huyu wa kwetu, hapana, nimepima. Kama chanjo inaweza kuwafundisha samaki yote mawili kwa pamoja? Nikasema naamini inaweza, ndiyo kazi ninayoitaka, lakini lazima kwanza mtu akubali kwamba yapo mawili.

Akaokota kile kijiti, akakivunja.

"Wiki iliyopita nimewaambia watu wasiikatae chanjo," akasema. "Nimesimama mbele yao nikasema ni joto la maji. Maneno ya profesa nimeyatia kinywani mwangu mimi."

Nikasema hakujua.

"Usinitetee. Nitarudi kwao mwenyewe, kesho, nyumba kwa nyumba vile vile. Watanitukana. Wanitukane!"

Akainuka, akapiga teke ile ndoo ikabingirika mpaka majini. Shemeji akageuka kutazama, akaona heri aendelee kuchota.


Jumapili, 13 Aprili

Dada kaenda kweli. Mzee mmoja alimfungia mlango. Mjane mmoja alimwambia angalau wewe umerudi, wengine hawarudi. Anacheka akisimulia, lakini sauti imekauka.

Samaki wa wafugaji wengine hawajachanjwa, jaribio ni kwa dada tu. Bado tunawahi.


Alhamisi, 24 Aprili

Kesho kamati.

Mwanafunzi haruhusiwi kusema mbele ya kamati. Niliomba kwa maandishi, nikajibiwa kwamba maabara yetu itawakilishwa na Profesa. Nikamwandikia mwenyekiti. Akanijibu kwa adabu nyingi kitu kile kile.

Leo jioni Hakika kaniita. Chai mezani, vikombe viwili — hajawahi kunimiminia chai huyu! Aliniuliza habari za mama. Halafu akaanza. Amesikia nimekuwa nikifanya kazi chini kwa minyoo. Hana kinyongo. Hakika nina kipaji. Kesho apitishe chanjo kama ilivyo, mwakani tutoe makala ya jeni ya pili, jina langu litangulie, lake lifuate. Kisha chanjo mpya, ya makoti mawili. Kila mtu atapata.

"Na samaki wa mwaka huu?" nikauliza.

"Sayansi haiendi kwa pupa."

"Bakteria ndio wanaokwenda kwa pupa, Profesa. Bwawa la dada yangu limekufa."

Hakujua! Nilimwona hakujua. Kikombe kilisimama njiani. Yule mtu wake hakumwambia, au alimwambia mambo ya joto. Aliuliza lini. Nikamwambia. Akaniuliza samaki niliowachukulia sampuli walikuwa wamekufa au wazima, nilizihifadhi vipi, nilitumia damu ya samaki gani. Nikajibu yote. Kwa dakika chache alikuwa mwalimu wangu wa zamani, tumeinamia jambo moja.

Halafu akajikusanya. Akafunga kifungo cha koti. Akasema nafasi yangu yote katika chuo hiki imo katika saini yake, nisisahau.

Chai sikuinywa. Nilisema asante, nikasimama, nikatoka. Mlango nikauacha wazi.

Nikashuka ngazi mbili mbili mpaka chini, kwenye kona yangu.


Ijumaa, 25 Aprili

Mapumziko. Niko koridoni, kwenye benchi refu nje ya ukumbi. Naandika juu ya paja, mwandiko mbaya, sijali.

Yaliyotokea, ya mwanzo kanisimulia dada: Hakika kazungumza kwanza. Picha nzuri, pembe sita, koti moja. Watu wanaitikia kwa vichwa. Mwenyekiti, mwanamume mfupi mwenye tai iliyombana, akasema sasa mwakilishi wa wafugaji, ana nafasi yake ya kusema.

Dada akasimama. Kavaa gauni lake la shughuli na kiatu cha kisigino ambacho hajakizoea. Akasema jina lake, akasema wanaomtuma ni wangapi na wako wapi. Halafu:

"Nafasi yangu ya kusema nimempa mdogo wangu. Yuko nje. Mwiteni."

Nilisikia kelele kutoka hapa hapa nilipokaa! Mwenyekiti akisema utaratibu hauruhusu, dada akisema utaratibu huo amsomee mahali ulipoandikwa kwamba mfugaji hawezi kuchagua mdomo wa kumsemea. Hawakupata mahali. Mlango ukafunguka, dada mwenyewe, jasho puani: "Ingia. Na usiinamishe kichwa."

Nimesema yote. Uchi, miraba, swichi, samaki, mtupu. Nilipofika kwenye picha ya bwawa, mtu mmoja nyuma alisema "loo!" kwa sauti. Sikumtazama Hakika hata mara moja — niliogopa nikimtazama nitaanza kumwonea huruma.

Mwenyekiti akamgeukia: Profesa, ulizijua picha hizi?

Hakika kasimama. Nilidhani atasema neno lake. Hakulisema. Kasema anaomba mapumziko mafupi, kuna kitu anataka kukichukua ofisini kwake kabla hajajibu.

Basi ndipo tulipo. Dada kavua viatu, miguu iko juu ya sakafu baridi. Anasema wakinifukuza nitakwenda kuchota samaki kwake. Nimemwambia sitafukuzika kirahisi, watanibeba na benchi hili.

Fundi wa darubini kapita, kanifinya bega, kasema neno moja sikulielewa: alikuja asubuhi. Nani alikuja? Keshaondoka.

Mlango wa mwisho wa koridoni umefunguka. Ni yeye. Anakuja huku, polepole, bahasha imefunguliwa mkononi. Ana picha za darubini. Naziona kwa hapa, nyeusi na nyeupe, kubwa — si zangu, zangu ziko mezani kwa mwenyekiti. Anazitazama huku anatembea, nusura amkanyage mtu.

Miraba. Naiona miraba.

Uso wake siusomi. Anaweza kuingia na kusema tazameni, au anaweza kuziingiza kwenye bahasha. Bahasha bado iko wazi. Dada kanipiga kiwiko, eti simama, mwalimu wako anakuja.

Sisimami. Miaka yote nimesimama akipita. Leo atasimama yeye mbele yangu, na aniambie kabla hajawaambia wao. Amefika kwenye dirisha. Ameniona; bahasha tupu kaikunja, picha ananinyooshea mimi kwanza.